Utafiti wa usonji au kikundi cha msaada: uanzie wapi ukiwa na muda mchache

Siku mwanangu alipothibitishwa kuwa na usonji (autism), nilitoka kliniki na karatasi tatu mkobani. Ya kwanza ilitualika kuchangia sampuli ya mate kwa utafiti wa vinasaba. Ya pili ilitangaza kikundi cha wazazi kinachokutana kila baada ya wiki mbili. Ya tatu, iliyochapwa kwa wino uliofifia, ilikuwa ya kikundi kinachoendeshwa na watu wazima wenye usonji wenyewe. Hakuna aliyenieleza zinatofautianaje. Nilizibandika zote kwenye mlango wa friji, na miezi ikapita bila kuchagua, kwa kuwa kila nilipozitazama niliona mzigo mwingine juu ya ule niliokuwa nao.

Sasa mwanangu ana miaka 11. Kati ya milango hiyo mitatu tumeingia miwili, na mwingine wa nne ambao haukuwa kwenye karatasi yoyote. Naandika kwa ajili ya aliyesimama pale niliposimama: mzazi, ndugu, au mtu mzima aliyejijua ukubwani kuwa ana usonji, mwenye saa mbili tatu tu za kutoa kwa wiki.

Faida inamfikia nani, na lini

Kikundi kinakusaidia wewe, wiki hii. Utafiti unamsaidia mtu usiyemjua, pengine ambaye bado hajazaliwa. Ukiingia kwenye utafiti ukitarajia usingizi wa usiku wa leo, utavunjika moyo. Ukiingia kikundini ukitarajia kujua sababu za usonji, kuna hatari ya kutoka na uvumi.

Hata hivyo usimdharau huyo mtu usiyemjua, maana mimi ni mmoja wao. Daktari wa akili wa watoto, Leo Kanner, alipoandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 aliowaona Marekani, aligusia pia tabia za wazazi wao, na kwa miaka mingi baadaye wataalamu wengi, Bruno Bettelheim akiwa na sauti kubwa kuliko wote, walifundisha kuwa usonji unaletwa na mama asiyempenda mtoto wake. Hebu fikiria kina mama walioambiwa hivyo usoni, kisha wakarudi nyumbani kumbembeleza mtoto yuleyule. Nadharia hiyo ilidhoofishwa na data. Mwaka 1977 watafiti wa Uingereza walichunguza jozi 21 za mapacha, wakakuta kuwa kwa mapacha wa kufanana usonji uliwapata wote wawili mara nyingi zaidi kuliko kwa wasiofanana. Mwaka 2019 uchambuzi wa watoto zaidi ya milioni 2 kutoka nchi tano ulikadiria kuwa takriban asilimia 80 ya tofauti katika uwezekano wa kuwa na usonji inatokana na vinasaba vya kurithi. Daktari aliyenipa majibu ya mwanangu hakuniuliza kama nilimnyonyesha kwa upendo. Hilo nimelipewa na familia 21 ambazo sitazijua kamwe.

Na tusisahau kwamba utafiti na jumuiya vilianzia nyumba moja. Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa Marekani na baba wa mtoto mwenye usonji, alitoa kitabu mwaka 1964 kuipinga ile hoja ya mama asiyependa. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kitaifa cha wazazi. Uingereza wazazi walikwishaanza chao mwaka 1962, na mmoja wao, Lorna Wing, alikuwa daktari wa akili na baadaye mtafiti aliyebadilisha namna dunia inavyouelewa usonji. Kwa hiyo anayekwambia uchague upande mmoja na kuuchukia mwingine hajui historia.

Kikundi bila utafiti

Mkutano wangu wa kwanza wa wazazi, mama mmoja aliinama akaninong'oneza: "Dada, wangu alibadilika baada ya chanjo." Alisema kwa uchungu wa kweli, na sikuwa na jibu. Nilikwenda nyumbani nikasoma. Makala iliyowasha moto huo ilitoka mwaka 1998, ikiwa na watoto 12 tu, na jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kufuatilia watoto 657,461, na hawakuona chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela ikiongeza usonji. Watoto 12 kwa upande mmoja, zaidi ya laki sita na nusu kwa upande wa pili. Wiki mbili baadaye nilikaa karibu na mama yule nikamweleza taratibu. Hakubadili mawazo siku hiyo. Alinishika mkono, na alipopata mtoto wa pili aliniuliza tena.

Hapo ndipo udhaifu wa kikundi ulipo. Watu waliochoka huuziana matumaini. Humo utasikia habari za dawa za kuondoa madini mwilini, ingawa mwaka 2005 mtoto wa miaka 5 alifariki Marekani akipewa matibabu hayo kwa sababu ya usonji. Kabla hujarudi mara ya pili, jiulize kama kuna mtu kikundini anayeruhusiwa kusema "hilo halina ushahidi" bila kuzomewa. Kama hayupo, ondoka hata kama watu ni wakarimu.

Utafiti bila jumuiya

Upande wa pili una kasoro yake. Ripoti iliyotolewa Uingereza mwaka 2013 iliangalia fedha za utafiti wa usonji nchini humo tangu 2007 hadi 2011. Asilimia 56 zilikwenda kwenye biolojia, ubongo na utambuzi. Huduma zilipata asilimia 5. Masuala ya kijamii, yaani nafasi ya mtu mwenye usonji kati ya watu wengine, yalipata asilimia 1. Watu wenye usonji na familia zao walipoulizwa, walitaka sehemu kubwa zaidi iende kwenye maisha ya kila siku. Haina maana kwamba biolojia ni upuuzi. Ina maana kwamba anayetunga maswali hakuwa ameketi na anayeishi na usonji.

Niliona tofauti hiyo kwa macho yangu. Tulishiriki tafiti mbili, zote za kupima jinsi watoto wanavyosikia na kuitika sauti. Katika ile ya kwanza tulisubiri dakika 40 kwenye korido yenye taa iliyokuwa ikivuma. Mimi sikuwa nimeisikia mpaka nilipomwona mwanangu ameziba masikio kwa viganja, ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua. Tulipoitwa ndani alikuwa amekwisha choka, na yule kijana wa vipimo akaandika kwenye fomu kuwa mtoto "hakutoa ushirikiano". Tuliondoka, na mpaka leo hatujapata hata barua ya asante.

Ya pili iliendeshwa pamoja na washauri wenye usonji. Wiki moja kabla, tulitumiwa picha: mlango, ngazi, kiti, mashine, sura ya mtu atakayetupokea. Waliuliza kwa maandishi kama taa izimwe na kama kuna harufu zinazomsumbua. Mwanangu alizitazama picha zile kila usiku, na siku yenyewe aliingia mbele yangu akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti. Miezi kadhaa baadaye ilikuja barua ya kurasa mbili, kwa lugha ya kawaida, ikieleza walichokipata na ambacho hawakukipata. Huo ndio mlango wa nne niliousema: utafiti shirikishi, unaofanywa pamoja na wenye usonji wenyewe.

Kwa hiyo nasema hivi: tofauti kati ya utafiti mzuri na mbaya ni kubwa kuliko tofauti kati ya utafiti na kikundi. Ukilinganisha, linganisha ndani ya kila upande pia.

Benki ya vinasaba, au utafiti shirikishi

Mradi mkubwa wa vinasaba unakuomba kidogo: mate, dodoso kadhaa mtandaoni, ridhaa yako. Unaweza kuufanya usiku wa manane mtoto akiwa amelala. SPARK, ulioanzishwa Marekani mwaka 2016, umekusanya watu wengi sana wenye usonji pamoja na familia zao, na huwajulisha washiriki wanaotaka kujua iwapo limeonekana badiliko la kinasaba linalojulikana kuhusiana na usonji. Kwa baadhi ya familia taarifa hiyo ina uzito, maana zipo hali za kinasaba zinazoambatana na usonji ambazo huleta pia kifafa au uvimbe kwenye figo, na daktari akijua mapema hufuatilia mapema.

Unachotoa, hata hivyo, hakirudi. Mate ni ya mtoto, na mtoto hajasaini. Mwaka 2021 nchini Uingereza ulizinduliwa mradi wa Spectrum 10K, uliokusudia kukusanya DNA za watu 10,000 wenye usonji. Ndani ya wiki chache ulisimamishwa, kwa sababu watu wenye usonji wenyewe waliuliza maswali mazito: data itagawanywa kwa nani, itatumika kufanya nini miaka ishirini ijayo, na mbona hatukuulizwa tangu mwanzo? Wapo wanaoogopa kwamba maarifa hayo yatatumika kuzuia watu kama wao wasizaliwe. Hofu hiyo ina historia. Hans Asperger, ambaye jina lake lilitumika miaka mingi kwa aina mojawapo ya usonji, alishirikiana na utawala wa Wanazi mjini Vienna, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa aliwapeleka baadhi ya watoto kwenye kituo ambako watoto wenye ulemavu waliuawa.

Utafiti shirikishi unaomba zaidi: mikutano, kusoma rasimu, kubishana juu ya neno moja kwenye dodoso. Mfano unaojulikana ni AASPIRE, ushirikiano ulioanza Marekani mwaka 2006 kati ya wasomi na watu wazima wenye usonji. Humo ndimo ilimotoka kazi ya mwaka 2020 kuhusu ule uchovu mzito unaowapata watu wenye usonji baada ya miaka ya kujificha na kujilazimisha kufanana na wengine. Watu wenye usonji walikuwa wakiuzungumza uchovu huo wao kwa wao muda mrefu, wakati madaktari waliuona kama sonona tu. Swali lilitoka kwa wenyewe, na jibu likawarudia.

Ukiletewa fomu ya ridhaa, isome ukiwa umekaa. Tafuta sehemu inayoeleza jinsi ya kujitoa na kama data yako itafutwa ukijitoa, kisha ile ya watakaogawiwa. Uliza kama mtoto ataulizwa tena akifikisha umri wa kujisemea, na kama kuna mtu mwenye usonji kwenye timu mwenye kura, maana wengine huwekwa kwa ajili ya picha. Mtafiti mwema hufurahia maswali haya. Anayekukatiza kwa kusema "ni utaratibu tu" amekwisha kukujibu.

Kikundi cha wazazi, au cha wenye usonji wenyewe

Kuhusu kikundi cha wazazi sitasema mengi, kwa sababu thamani yake inaonekana siku ya kwanza. Unakaa na watu wasioshangaa. Wanajua barua ya shule inaandikwaje, daktari yupi wa meno ana subira, na nani anaweza kukaa na mtoto wako saa moja ulale. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yaliyotengenezwa ili yaweze kuongozwa hata na watu wasio mabingwa. Ukikuta kikundi kinayatumia, ni dalili njema. Kuna jambo moja tu ambalo mimi silivumilii: wazazi kurekodi watoto wao wakiwa wamelemewa, wanalia na kujipiga, kisha kusambaza video kwenye simu za kikundi. Mtoto yule atakua. Kikundi kinachoruhusu hilo sikirudii.

Kikundi cha watu wazima wenye usonji nilikichelewesha miaka miwili. Niliogopa. Nilidhani wataniona adui, au hawatakuwa na la kumhusu mtoto wangu ambaye wakati huo hakuwa na neno hata moja. Kilichonipeleka ni soksi.

Kila asubuhi kwa karibu mwaka mzima tulipigana juu ya soksi. Alizivua, akazitupa, akaniuma mkono. Kwa wazazi nilipewa chati ya nyota: akivaa apate nyota, nyota tano apate zawadi. Tulijaza chati mbili na vita viliendelea. Nilipolieleza hilo kwenye kile kikundi cha tatu, mama mmoja wa makamo aliyekuwa ameketi sakafuni karibu na mlango, hakunitazama, akasema: "Zigeuze nje ndani. Ni mshono wa vidoleni." Nilifika nyumbani nikazigeuza. Asubuhi alivaa, akasimama, akatazama miguu yake kwa muda mrefu. Nilikaa kitandani nikalia, kwa sababu mwaka mzima mtoto alikuwa akiniambia kwa njia pekee aliyokuwa nayo kwamba anaumia, na mimi nilikuwa nampa nyota ili avumilie.

Hilo lina maelezo ya kitaalamu. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa Marekani wa utambuzi, DSM-5, unataja wazi tofauti za hisia, yaani sauti, mguso, mwanga, kuwa miongoni mwa dalili za usonji. Na mwaka 2012 Damian Milton, msomi ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja kuwa kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao kunatoka pande zote mbili. Mwaka 2020 matokeo ya jaribio moja yalichapishwa: hadithi ilipitishwa mdomo kwa mdomo katika minyororo ya watu wanane wanane. Mnyororo wa watu wenye usonji pekee uliihifadhi hadithi vizuri sawa na ule wa wasio na usonji. Uliopoteza zaidi ni mnyororo uliochanganya. Mama yule wa sakafuni hakuwa na uchawi. Alikuwa anasikia lugha ambayo mimi nilikuwa mgeni nayo.

Kina upungufu wake. Wengi wanaozungumza sana kwenye vikundi hivi ni wale wenye maneno mengi, na mzazi wa mtoto anayehitaji mtu pembeni mchana na usiku anaweza kujihisi hayumo. Uliza kama kuna wanachama wasiotumia sauti, na kama inaruhusiwa kuchangia kwa kuandika au kwa kifaa. Kikundi chetu kilikuwa na kijana aliyeandika kila kitu kwenye tableti, na wote walisubiri mpaka amalize, hata dakika tano. Kwa kumwona yeye ndipo nilipomtafutia mwanangu kifaa kama hicho. Ujue pia kwamba hapo hutabembelezwa. Tangu mwaka 1993, Jim Sinclair, mwanaharakati mwenye usonji, alipowaambia wazazi kuwa wasimwombolezee mtoto aliye hai mbele yao, hilo limekuwa msimamo wa wengi. Mara ya kwanza linauma.

Ningechagua vipi, kwa hali yako

Kama majibu ya mtoto ni mapya na huna usingizi, nenda kwa wazazi mwezi huu, na ndani ya nusu mwaka utafute pia watu wazima wenye usonji, hata kama ni kwa mtandao. Usingoje miaka miwili kama mimi. Ukilazimika kuchagua kimoja tu, chagua cha wenye usonji wenyewe, mradi wanampokea mzazi, maana huruma utaipata kwingine lakini ule ufahamu wa soksi hutaupata.

Kama wewe ndiye mwenye usonji na umejua ukubwani, kikundi cha wazazi si mahali pako hata ukikaribishwa kwa moyo mweupe. Anza na wenzako. Kisha, ukiwa na nguvu, tafuta utafiti shirikishi, ambako uzoefu wako unaweza kubadilisha swali lenyewe. Dai posho. Utaalamu ni utaalamu.

Kama mtoto ana kifafa, au amepoteza ujuzi aliokuwa nao, au kuna dalili nyingine mwilini, suala la vinasaba lianze kwa daktari wake kabla ya mradi wowote wa utafiti. Anayemhudumia atakupa majibu, wakati mradi wa utafiti haukuahidi chochote.

Na kama unachotoa ni pesa, soma madhumuni na orodha ya uongozi. Shirika la Autism Speaks, lililoanzishwa Marekani mwaka 2005, lilikuwa na lengo la tiba mpaka lilipoliondoa neno hilo kwenye madhumuni yake mwaka 2016. ASAN, lililofuata mwaka 2006, linaongozwa na watu wenye usonji na lilizaliwa likipinga mtazamo huo. Ukubwa wao hauwezi kufananishwa. Mimi mchango wangu naupeleka kwa wanaoongozwa na wenyewe, kwa sababu shilingi moja huko ni kubwa zaidi na kwa sababu ya zile asilimia 1 na 56 nilizozitaja.

Karatasi ya mate bado ipo kwenye friji, imepauka. Mwezi uliopita nilimweleza mwanangu inasema nini: kwamba watu wanataka kusoma jinsi mwili wake ulivyoandikwa, kwamba inaweza kumsaidia mtu mwingine, kwamba akitoa haitarudi. Alisikiliza akizungusha kifuniko cha chupa. Halafu akavuta tableti, akatafuta kwa kidole muda mrefu, akabonyeza maneno mawili: "Bado. Baadaye." Nikairudisha karatasi mahali pake, chini ya sumaku, kwenye kimo anachofikia mwenyewe.